Je, Wajua? Dereva, Kifo cha Barabarani na Utetezi Mahakamani

Je, wajua kwamba kumgonga mtu akafa, peke yake, si kosa la jinai nchini Tanzania? Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, inaadhibu namna mtu alivyoendesha: uzembe, mwendo wa hatari, ulevi, kutowajali wengine. Kifo huifanya kesi kuwa nzito, lakini Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, isipoonyesha dereva alikosea nini alipokuwa kwenye usukani, hapatikani mtu wa kutiwa hatiani. Kuanzia stendi ya Masasi hadi vijiwe vya bodaboda vya Newala wengi wanaamini kinyume chake, na anayeamini hivyo huingia mahakamani akiwa ameshajihukumu.

Je, wajua Jamhuri ina mambo manne ya kuthibitisha? Kwamba mshitakiwa ndiye aliyekuwa akiendesha. Kwamba aliendesha vibaya. Kwamba mtu aliyetajwa kwenye hati ya mashtaka amekufa kweli. Na kwamba kifo hicho kilitokana na uendeshaji ule, si jambo lingine. Ndiyo maana ripoti ya daktari aliyeuchunguza mwili, awe wa hospitali ya Mkomaindo, Ndanda au Newala, ina uzito mkubwa. Mnyororo huo ukikatika mahali pamoja, shtaka la kusababisha kifo linaanguka, ingawa hakimu anaweza bado kumtia dereva hatiani kwa kosa dogo la barabarani.

Kiwango cha uthibitisho ni kile kile cha kesi ya wizi au ya mauaji: pasipo kuacha shaka la maana. Dereva hana wajibu wa kuthibitisha kwamba hana kosa. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa hivyo.

Je, wajua maneno mawili yanayoweza kuifunga kesi asubuhi moja? Ni haya: "Ni kweli." Hakimu anasoma shtaka, kijana wa bodaboda anasimama, bado anaiona ajali machoni, na anajibu ni kweli kwa sababu ni kweli mtu amekufa na ni kweli yeye ndiye aliyemgonga. Hakuulizwa hilo peke yake. Ameulizwa pia kama aliendesha kwa uzembe au kwa hatari, na huenda hajawahi hata kulifikiria. Mwaka 1973, katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu ambao mahakama zetu zinaufuata mpaka leo: shtaka lielezwe kwa lugha anayoielewa mshitakiwa, kipengele kwa kipengele, jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana, kisha mwendesha mashtaka asome maelezo ya tukio, na mshitakiwa aulizwe kama anayakubali. Akisema, "Nilimgonga, lakini alikatiza ghafla," huko si kukiri kosa. Hakimu anapaswa kuandika kwamba amekana, na kesi isikilizwe.

Na je, wajua kwamba aliyekiri kosa amejifungia karibu milango yote ya rufaa? Kwa kawaida anabaki na haki ya kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Shauri la Laurent Mpinga dhidi ya Jamhuri, la mwaka 1983, lilitaja nafasi chache zilizobaki: kukiri kwenyewe kulikuwa na utata au kulitokana na kutoelewa, shtaka halikuonyesha kosa linalojulikana kisheria, au maelezo yaliyosomwa hayawezi kulibeba kosa lile hata yakikubaliwa yote. Kwa maoni yangu, hili ndilo jambo ambalo kila chama cha bodaboda kingepaswa kuwafundisha wanachama wake, hata kabla ya alama za barabarani.

Je, wajua polisi wana muda maalumu wa kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi? Muda wa msingi ni saa nne tangu aliposhikwa, na ukiongezwa lazima uongezwe kwa utaratibu wa sheria. Maelezo ya onyo, yaani yale anayoandikishwa polisi baada ya kuonywa, yakichukuliwa nje ya muda huo yanaweza kupingwa mahakamani. Dereva ana haki ya kukaa kimya, na ana haki ya kuomba wakili, ndugu au rafiki aarifiwe. Asiweke sahihi wala dole gumba kwenye karatasi ambayo hajaisoma au hajasomewa.

Shtaka la kusababisha kifo barabarani lina dhamana, polisi na hata mahakamani. Dhamana ni haki ya mshitakiwa. Haina bei.

Je, wajua kwamba karatasi yenye mistari michache inaweza kuamua kesi nzima? Ni mchoro wa eneo la ajali anaouchora askari wa usalama barabarani. Unaonyesha gari lilitoka wapi, marehemu alikuwa upande gani, alama za matairi zinaanzia wapi, na upana wa barabara. Mawakili huuchambua kwa makini: nani aliuchora, alipima kwa kutumia nini, alifika saa ngapi, na nani alimwonyesha hapo panapoitwa pa kugongea. Uwanda wa Makonde una sababu zake za kutaka umakini huo. Juu kuna mchanga unaoviringika chini ya tairi, kuna ukungu wa alfajiri, na kuna miteremko mikali ya kuushuka uwanda kuelekea Masasi. Barabara ya kutoka Mnivata kupita Tandahimba na Newala hadi Masasi, kilomita 160, ilikaa miaka mingi ikisubiri lami. Kwenye mchanga na vumbi alama ya breki haikai: lori moja la korosho likipita, imefutika. Picha ya simu iliyopigwa mapema ina thamani kubwa, na tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ushahidi wa namna hiyo una njia inayoeleweka ya kupokelewa mahakamani. Mshitakiwa anaweza pia kuiomba mahakama ihamie eneo la tukio ijionee yenyewe.

Je, wajua breki zikikatika ghafla huo ni utetezi? Mahakama ya Rufani za Jinai ya Uingereza ililikubali hilo mwaka 1961 katika shauri la Spurge: hitilafu ya ghafla, ambayo dereva hakuijua wala hakuwa na namna ya kuigundua kwa uangalifu wa kawaida, inaweza kumwokoa. Spurge mwenyewe hakuokoka, kwa kuwa alijua gari lake huvuta upande mmoja linapofungwa breki. Maamuzi ya Uingereza hayazifungi mahakama zetu, lakini yanasomwa na kunukuliwa. Kwa hiyo ripoti ya mkaguzi wa magari huangaliwa na pande zote mbili. Dereva aliyemwambia tajiri yake wiki nzima kwamba breki hazishiki, kisha akapakia magunia na kushuka mlima, hawezi kusema ameshtukizwa.

Nyuki nao wamo. Mwaka 1958, katika shauri la Hill dhidi ya Baxter, majaji wa Uingereza walitoa mfano wa dereva aliyevamiwa na kundi la nyuki akapoteza uwezo wa kuliongoza gari: mtu wa namna hiyo huwezi kusema anaendesha. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania ina msingi huo huo, kwamba mtu hawajibiki kwa jinai kwa tendo lililotokea nje ya utashi wake au kwa tukio la bahati mbaya. Usingizi hauna nafasi hapo. Anayesinzia huonywa na mwili wake kabla, na alipaswa kusimama.

Je, wajua hali ya hatari barabarani haitoshi bila kosa la dereva? Mwaka 1971, katika shauri la Gosney, mwanamke mmoja aliingia upande usio wake wa barabara ya njia mbili kwa sababu mpangilio wa makutano ulimpotosha. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilifuta hatia yake. Mwaka 1975 msimamo huo ulifika Afrika Mashariki katika shauri la Atito dhidi ya Jamhuri, kutoka Kenya: lazima kuwe na hali ya hatari, na lazima iwe imesababishwa na kosa la dereva.

Uzembe wa marehemu haumfuti dereva mzembe. Kama wote wawili walikosea, dereva bado anajibu kwa sehemu yake. Anayeachiwa ni yule ambaye ajali ilitokana kabisa na mwingine: mtoto aliyechomoka nyuma ya basi lililosimama, mlevi aliyelala barabarani usiku wa ngoma za jando. Hata hapo mahakama itauliza mwendo ulikuwa kiasi gani. Ndani ya makazi ya watu kikomo ni kilomita 50 kwa saa.

Je, wajua kukosa leseni hakuthibitishi kwamba wewe ndiye uliyeua? Ni kosa, na lina adhabu yake. Lakini mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika shauri la Hughes, iliamua kwamba dereva aliyekuwa hana bima wala leseni kamili hakusababisha kifo kisheria, kwa sababu ajali ilisababishwa na dereva wa gari la pili aliyekuwa ametumia dawa za kulevya, na mshitakiwa hakuwa amekosea chochote katika kuendesha. Wapo vijana wengi wa bodaboda ambao hoja hiyo inawahusu.

Je, wajua mwenye chombo naye anaweza kupanda kizimbani? Mei 6, 2017, basi dogo la wanafunzi lilitumbukia korongoni Rhotia, Karatu. Walikufa watu 35: wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Dereva hakuwepo tena wa kushtakiwa. Mmiliki alifikishwa mahakamani Arusha kwa makosa ya usafirishaji.

Na adhabu je? Desemba 2010 Mahakama ya Kinondoni ilimtia hatiani Andrew Chenge, aliyewahi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kwa ajali ya Machi 2009 jijini Dar es Salaam iliyowaua wanawake wawili waliokuwa kwenye bajaji. Adhabu ilikuwa faini ya shilingi 700,000 au jela miaka mitatu, naye akalipa. Naamini fedha hiyo haikulingana na roho mbili, na kwamba viwango vya adhabu vya Sheria ya Usalama Barabarani vinahitaji kuangaliwa upya.

Shtaka likiwa la kuua bila kukusudia chini ya Kanuni ya Adhabu, kifungo kinaweza kufika maisha. Kesi hiyo hutajwa Masasi au Newala lakini husikilizwa na Mahakama Kuu, na mshitakiwa asiye na uwezo hupewa wakili kwa gharama ya serikali. Kwa makosa ya barabarani yanayoishia mahakama ya wilaya wakili hafiki kwa urahisi hivyo. Ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na hakimu akiona haki inadai anaweza kupendekeza mshitakiwa apewe msaada. Uombe mapema.

Rambirambi haifuti kesi. Dereva kwenda msibani, kuchangia sanda na chakula, ni utu, na mahakama inaweza kuuzingatia wakati wa adhabu. Lakini wazee wa pande mbili hawana mamlaka ya kuimaliza jinai iliyotoa uhai. Nayo bima ya lazima ipo kwa ajili ya wafiwa. Wadai haki yao hata kama dereva ameachiwa huru, kwa sababu madai yana kipimo chepesi kuliko jinai.

Anayekimbia ameongeza kosa la pili. Sheria inamtaka asimame, asaidie majeruhi na kutoa taarifa polisi. Akihofia kupigwa na umati, mahali salama pa kukimbilia ni kituo cha polisi, na huko aeleze kwamba alikwenda kwa hofu hiyo.

Je, wajua muda wa kukata rufaa ni mfupi? Kusudio la rufaa litolewe ndani ya siku 10 tangu hukumu, na hati ya rufaa iwasilishwe ndani ya siku 45. Rufaa za Masasi na Newala huenda Mahakama Kuu, Kanda ya Mtwara. Aliyefungwa halazimiki kutafuta mtu wa kumsafirishia karatasi: anaziwasilisha kwa mkuu wa gereza, naye ana wajibu wa kuzifikisha mahakamani.