Dubai: viza yako ndiyo inaamua utaishi namna gani

Hapa Kindu jina la Dubai limeingia katika maneno ya kila siku. Sokoni muuzaji anakuambia kitenge au simu hii «ni ya Dubai» kusudi ukubali bei. Wenye kununua dhahabu katika jimbo letu la Maniema wanajua kwamba sehemu kubwa ya dhahabu ya mashariki mwa Congo inaishia kule. Na kuna ujumbe unaotembea kwenye simu za vijana: kazi iko Dubai, mushahara muzuri, leta tu pasipoti na dola za viza, mengine tutapanga.

Hatuandiki haya kwa kumukataza mutu kusafiri. Kuna Wakongomani wanaoishi kule vizuri, wanatumia familia zao pesa, wanarudi na kujenga. Lakini wale wanaofanikiwa na wale wanaoteseka mara mingi walipanda ndege moja. Walichotofautiana ni karatasi waliyokuwa nayo.

Kwanza, Dubai si inchi. Ni muji, na tena ni moja ya falme 7 zinazofanya Falme za Kiarabu. Muji mukuu ni Abu Dhabi, na ubalozi wa Congo uko kule Abu Dhabi. Watu karibu 9 kwa 10 katika inchi hiyo ni wageni: Wahindi, Wapakistani, Wafilipino, Wamisri, na Waafrika kutoka pande zote. Mugeni hapati uraia kwa kukaa tu miaka mingi. Anakaa kwa ruhusa, na ruhusa ina tarehe ya mwisho.

Viza ya kutembea ni ya siku 30 au 60. Ndiyo ile wanayotumia mama na baba zetu wa biashara: wanashuka, wanalala hoteli ya Deira, wanazunguka maduka ya Naif na soko la dhahabu, wanaenda Dragon Mart ambako vitu vya China vimejaa, wanafunga mizigo, wanarudi. Kununua vitu kwa viza hiyo hakuna shida. Kufanya kazi kwa viza hiyo ni kosa, hata kama ni kazi ya kufagia siku moja. Patroni naye ana hatari: tangu 2024 anayemuajiri mutu bila ruhusa anaweza kupigwa amande ya dirhamu 100 000 mpaka milioni 1. Ndiyo maana patroni wa kweli haogopi kukutafutia karatasi. Yule anayekuambia «ingia kama mutalii, tutabadilisha ukifika» anakuachia wewe hatari yote.

Na siku zikipita? Kila siku unayozidisha ni dirhamu 50. Dirhamu imefungwa kwenye dola kwa bei isiyobadilika, 3,6725 kwa dola 1. Mwezi mumoja wa kuzidisha ni dirhamu 1500, ni kusema zaidi ya dola 400. Miezi sita unaweza kuhesabu mwenyewe. Mwaka 2024 serkali ya kule ilitoa musamaha kuanzia Septemba 1 mpaka Desemba 31: waliokuwa wamezidisha waliruhusiwa kutoka bila kulipa amande, ao kutengeneza karatasi zao. Lakini musamaha wa namna hiyo hauji kila mwaka, na hakuna anayejua mwingine utakuja lini.

Viza ya kazi inaenda njia ingine. Kampuni ndiyo inaiomba, kupitia wizara ya kazi inayojulikana kwa herufi MOHRE. Kuna barua ya kukuajiri yenye kuonyesha kazi gani na mushahara gani, unatia sahihi. Ukifika unapimwa damu na mapafu, unapewa kitambulisho cha mukaaji. Bila hicho kitambulisho huwezi kufungua konti ya benki, wala kukodi nyumba kwa jina lako. Sheria ya kazi iliyoanza Februari 2022 inasema wazi: gharama za kumuajiri mutu ni za patroni, si za mufanyakazi. Kwa hiyo komisioneri anayekuomba dola 1500 «za viza ya kazi» anaomba kitu ambacho sheria ya kule inakataza. Sheria hiyo pia inakataza patroni kushika pasipoti yako. Wengi wanaishika hata hivyo, na wengi wetu tunaitoa kwa sababu tumezoea kutii mukubwa.

Hapa inafaa kueleza neno moja la Kiarabu: kafala. Maana yake ni kwamba ukaaji wako umefungwa kwa jina la yule aliyekuleta. Ukimukimbia bila kufuata njia, anaweza kupeleka jina lako kama mutoro, na kuanzia siku hiyo wewe ndiye mwenye kosa, hata kama ni yeye hakulipi. Katika miaka ya karibuni Falme za Kiarabu zimelegeza mambo haya kidogo. Kubadilisha patroni sasa inawezekana kwa masharti. Kwa kazi za nyumbani kuna sheria ya pekee, ilianza Desemba 2022: siku moja ya kupumuzika kila juma, saa 12 za kupumuzika kila siku (8 kati yake zikiwa mufululizo), na likizo ya siku 30 kwa mwaka. Ni sheria nzuri kwenye karatasi. Lakini musichana anayefanya kazi ndani ya nyumba ya mutu, mulango umefungwa, simu imechukuliwa, ataipelekea nani hiyo sheria? Kwa maoni yangu kazi ya nyumbani ndiyo ya kuangalia kwa macho mawili zaidi ya zote.

Tuje kwenye maisha yenyewe. Hakuna mushahara wa chini uliowekwa na serkali kwa wageni, kwa hiyo kinachoandikwa kwenye kontra ndicho utapata. Uliza kama kampuni inatoa nyumba na chakula, maana chumba ndicho kinachokula pesa. Wengi hawakodi chumba, wanakodi kitanda: watu sita ao nane katika chumba kimoja cha Deira, kila mutu na pazia lake. Wengine wanalala Sharjah, muji wa jirani wenye bei ya chini, na kila asubuhi wanapoteza saa nyingi barabarani.

Joto si la muchezo. Kati ya Juni na Agosti linapita digri 40, na kwa sababu bahari iko karibu, hewa ni nzito. Kuanzia Juni 15 mpaka Septemba 15 ni marufuku kufanyisha watu kazi juani kati ya saa sita na nusu na saa tisa ya muchana. Siku za kupumuzika za serkali ni posho na yenga, tangu Januari 2022. Ijumaa wanafanya kazi nusu siku na kwenda musikitini. Waislamu wa Kindu na Kasongo hawatakosa pa kuswali, na Wakristo pia wana makanisa yanayoruhusiwa.

Kutembea ndani ya muji ni rahisi. Kuna metro tangu 2009, haina dereva, unalipa kwa karte inayoitwa Nol. Ukila ao kunywa ndani yake, amande dirhamu 100. Mwanaume akiingia kwenye behewa la wanawake, tena 100. Kwa wanaokumbuka mutumbwi wa Kasuku kwenda Alunguli, kule pia kuna mashua za kuvusha watu, zinaitwa abra, na kuvuka ni dirhamu 1 tu.

Kiswahili? Utakisikia. Wakenya na Watanzania ni wengi, na kuna Waomani waliozaliwa Zanzibar wanaokisema kuliko sisi. Si ajabu: Kiswahili cha Maniema kilikuja na misafara iliyotoka Zanzibar wakati ule sultani wa kule alikuwa wa asili ya Oman.

Sasa jambo ambalo linagombanisha familia kila siku. Mama iko Kindu, anabonyeza WhatsApp kumupigia mutoto wake Dubai, simu haipiti. Anasema mutoto amekuwa na kiburi. Hapana. Katika Falme za Kiarabu kupiga simu kwa WhatsApp kumezuiwa, kwa sauti na kwa picha. Ujumbe wa kuandika unapita, na ujumbe wa sauti pia. Wanaotaka kuzungumza moja kwa moja wanatumia programu inayoitwa Botim, na inafaa iwekwe pia kwenye simu ya Kindu mbele ya safari. Kumbukeni saa: wao wako mbele yetu saa mbili.

Angalisho moja kuhusu mizigo: tramadol, ambayo wengine hapa wanainunua kama pipi, kule ni dawa ya kulindwa sana, kuingia nayo bila ruhusa kunaweza kukupeleka jela. Na kupiga mutu picha bila yeye kukubali, ao kumutukana kwenye simu, ni mambo ya kortini.

Mbele ya kutoa hata franka moja, chukua ile barua ya kazi uiangalie kwenye tovuti ya MOHRE kwa namba iliyoandikwa juu yake. Barua isiyo na namba, usiihesabu. Kisha uache nyumbani kopi ya pasipoti, ya viza, ya kontra, jina la kampuni na jina la mutaa utakaolala. Familia ikipoteza habari zako, ubalozi wa Abu Dhabi utauliza karatasi hizo kwanza.