Mwezi Mmoja, Hesabu Mbili: Sikukuu na Mifungo ya Wahindu Majira ya Masika Kisiwani Pemba

1.0 Utangulizi

Katika matumizi ya pwani, neno Mhindi limebeba watu wa dini mbalimbali: Mabohora, Maithnaasheri, Maismailia na Wahindu kwa pamoja. Alipohitajika kutajwa Mhindu peke yake, Waswahili walimwita Banyani, neno lenye asili ya Kigujarati ambalo maana yake ya awali ni mtu wa tabaka la wafanyabiashara. Methali isemayo kwamba Banyani mbaya kiatu chake dawa inaonyesha jinsi mtu huyu alivyozoeleka, na pia jinsi uhusiano wake na jirani zake ulivyokuwa na chumvi na sukari ndani yake.

Wengi wa Mabanyani wa Zanzibar walitoka Kutch na Kathiawar, upande wa magharibi wa Bara Hindi. Katika karne ya 19 nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mbhatia wa Kutch, ilikodi forodha ya Zanzibar kwa miaka mingi. Baada ya kimbunga cha 1872 kuangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobaki na sehemu kubwa ya zao hilo, na biashara ya karafuu ikaipa miji ya Chake Chake, Wete na Mkoani uzito mpya. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Wahindi wengi waliondoka visiwani.

Makala haya hayakusudii kusimulia historia ya biashara hiyo. Yanakusudia kueleza jambo ambalo jirani Mwislamu angeweza kuliona bila kuelezwa sababu yake. Banyani hufuata mwezi ule ule unaoandama juu ya hori ya Chake Chake. Basi kwa nini sikukuu zake hazizunguki mwaka mzima kama Idi? Na kwa nini siku yake ya kufunga huweza kuleta utata hata pale ambapo hakuna anayebishana juu ya kuonekana kwa mwezi?

2.0 Mwezi wa Ziada

Miezi 12 ya mwandamo hufanya siku 354 hivi, yaani pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11. Uislamu umeuacha upungufu huo kama ulivyo, na kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma mwaka hadi mwaka, ikapita katika kaskazi, vuli, kusi na masika. Mkulima na baharia wa Kiswahili, ambao kazi zao hufuata pepo na mvua, hawakuweza kuitegemea hesabu hiyo peke yake. Ndiyo maana walikuwa na mwaka wa Nairuzi wenye siku 365, uliogawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano za mwisho. Waswahili, kwa maneno mengine, waliweka hesabu mbili kando kwa kando, kila moja na kazi yake.

Wahindu walichagua njia nyingine, nayo ni kuufunga mwezi kwenye jua. Kila mwezi mwandamo hupewa jina kwa kuangalia buruji ambayo jua linaingia ndani ya mwezi huo. Kwa kuwa jua hukaa katika buruji moja muda mrefu kidogo kuliko urefu wa mwezi mwandamo, baada ya takriban miezi 32 au 33 hutokea mwezi ambao jua haliingii buruji mpya. Mwezi huo huitwa adhika, yaani wa ziada. Hupewa jina la mwezi unaoufuata, na mwaka huo huwa na miezi 13. Katika miaka 19 miezi ya namna hii huwa saba.

Msomaji wa Kiswahili ana chombo kizuri cha kuuona mwezi huu wa ziada, nacho ni majina ya miezi ya Kiswahili yenyewe. Holi husherehekewa kwenye mwezi mpevu wa Phalgun, na mwezi mpevu ni ule ule wa usiku wa 14 au 15 wa mwezi wa Kiislamu. Mwaka 2021, 2022 na 2023 Holi iliangukia katikati ya Shaabani, siku zile zile za Nisfu Shaabani. Kisha katika Julai na Agosti 2023 Wahindu walitia mwezi wa ziada wa Shravan. Matokeo yake, Holi ya 2024 haikuwa tena katika Shaabani bali katikati ya Ramadhani, na ikabaki humo kwa 2025 na 2026. Mwezi wa ziada wa Jyeshtha, kati ya Mei na Juni 2026, unaisogeza tena, na Holi ya 2027 ni ya Mfunguo Mosi. Hivyo Holi haitoki Februari na Machi. Ramadhani ndiyo inayoipita. Mwenye kuhesabu kwa mfunguo huiona sikukuu ya Kihindu ikiruka mwezi mmoja kila baada ya miaka miwili au mitatu, wakati Banyani mwenyewe huona kwamba imekaa palepale.

Kukaa palepale huku, hata hivyo, ni kwa majira ya Gujarat. Chaitra na Vaishakh huhesabiwa huko kuwa miezi ya vasanta, majira ya machipuko baada ya baridi. Pemba haina machipuko. Siku hizo kaskazi inakatika, kusi inaanza na mvua za masika zinakaribia au zimekwisha kufika. Moto wa Holi, ambao Wagujarati huuzunguka wakitupia nazi, tende na nafaka zilizokaangwa, ni moto wa nchi kavu. Katika Pemba kuni zake huweza kulowa. Nazi, kwa upande wake, Pemba haikosekani.

Sikukuu nyingine za majira hayo zitajwe kwa ufupi. Maha Shivaratri huja kabla ya Holi, katika usiku wa giza unaotangulia mwezi mwandamo, na watu hufunga na kukesha. Baada ya Holi huja siku tisa za mwanzo wa Chaitra, ambazo wengine huzifunga, na ya tisa ni Ram Navami, kuzaliwa kwa Rama. Mwezi mpevu wa Chaitra ni wa Hanuman. Siku ya tatu ya Vaishakh, Akshaya Tritiya, huhesabiwa kuwa njema kwa kununua dhahabu na kuanzisha shughuli.

3.0 Jua la Bhuj na Jua la Chake Chake

Jambo gumu zaidi limo katika siku, wala si katika mwezi. Mwezi wa Kihindu hugawanywa katika tithi 30. Tithi ni muda ambao mwezi hulitangulia jua kwa nyuzi 12 zaidi angani, na kwa sababu mwendo wa mwezi hauko sawa, tithi moja huweza kuchukua saa 19 hadi 26. Haianzi na kucha wala kuchwa. Ili ipate kuwa siku ya watu, kanuni ya jumla husema kwamba siku hubeba namba ya tithi iliyopo wakati jua linapochomoza.

Swali ni: linapochomoza wapi? Chake Chake iko magharibi ya Bhuj, mji mkuu wa Kutch, kwa nyuzi 30 hivi za longitudo. Mwezi Machi, usiku na mchana unapolingana, jua huchomoza Bhuj yapata saa kumi na dakika 25 za alfajiri kwa saa ya Pemba, na Chake Chake saa kumi na mbili na dakika 25. Tofauti ni saa mbili. Mwezi Juni hufikia karibu saa tatu, na Desemba hupungua hadi saa moja na dakika chache, kwa kuwa urefu wa mchana wa Kutch hubadilika sana na wa Pemba haubadiliki ila kidogo.

Tuseme tithi ya 11, iitwayo ekadashi, ambayo Wahindu wengi hufunga mara mbili kila mwezi, imeanza Jumatatu saa kumi na mbili kamili alfajiri na kwisha Jumanne saa kumi na moja na nusu alfajiri, zote kwa saa ya Pemba. Jumatatu jua lilipochomoza Bhuj ilikuwa bado tithi ya 10. Lilipochomoza Chake Chake ilikwisha kuwa ya 11. Jumanne Bhuj wameamkia tithi ya 11, lakini Chake Chake wameamkia ya 12. Kwa hiyo aliye Bhuj atafunga Jumanne, na aliye Chake Chake, akifuata jua lake, atafunga Jumatatu. Nchi ambayo jua huchelewa kuifikia ndiyo inayotangulia kufunga.

Kwa tofauti ya saa mbili, mpaka wowote wa tithi huangukia baina ya macheo hayo mawili takriban mara moja katika kumi na mbili. Si jambo la kila mwezi, wala si la nadra kiasi cha kupuuzwa. Mfanyabiashara aliyeagiza almanaki ya Kigujarati, panchang, alikuwa na kitabu kilichokokotolewa kwa jua la Bara Hindi. Akikifuata, alifunga pamoja na mama yake na ndugu zake waliobaki Kutch. Akikokotoa upya, alifunga sawasawa na kanuni lakini peke yake. Wavaishnava wengi wana sharti la ziada: tithi ya 10 isiwepo hata dakika 96 kabla ya jua kuchomoza, la sivyo mfungo husogezwa mbele siku moja. Katika mfano uliotolewa, sharti hilo lingemrudisha mfungaji wa Chake Chake kwenye Jumanne, siku ile ile ya Bhuj. Lakini katika mifano mingine humtenga zaidi.

Waislamu wa Zanzibar wanalifahamu suala hili kwa sura nyingine. Wako wanaongoja mwezi uandame nchini, na wako wanaofunga na kufungua kwa habari za mwezi wa nchi nyingine. Huko hoja ni jicho la nani limeona. Kwa Banyani hoja ni upeo wa nani jua limeuvuka. Ugumu ni ule ule wa ibada iliyobebwa kutoka mahali hadi mahali.

4.0 Kufunga Bila Daku

Lugha nayo inaficha tofauti. Kiswahili husema Banyani amefunga, na kitenzi hicho ni sahihi, lakini msikilizaji huleta daku na futari ambazo hazimo. Mfungo wa ekadashi kwa kawaida huzuia nafaka na jamii ya kunde, wala hauzuii maji, maziwa, matunda, njugu au viazi. Chumvi inayopendelewa ni ya mawe, si ya bahari. Wagujarati hupika pia sabudana, punje nyeupe ambazo Bara Hindi hutengenezwa kwa wanga wa muhogo. Kwa hiyo chakula cha mfungo wa Banyani ni ndugu wa chakula cha kila siku cha shamba la Pemba. Mfungo unaokaribia saumu ya Kiislamu kwa ukali ni ekadashi ya Jyeshtha, mwishoni mwa masika au baada yake, ambao wenye kuushika barabara hawanywi hata maji.

Kufungua pia hakufanyiki magharibi. Mfungaji hulala na mfungo wake na kuufungua kesho yake asubuhi baada ya jua kuchomoza, kabla tithi ya 12 haijaisha. Kitendo hicho huitwa parana. Mfasiri atakayeandika kwamba amefuturu atakuwa amemhamisha mtu huyo kutoka asubuhi hadi jioni; afadhali aandike tu kwamba amefungua, neno ambalo Mswahili analo tayari katika mfunguo, na ambalo halitaji saa.