Kahawa ikiota ukungu baharini, bima yaweza isilipe

MFANYABIASHARA wa Arusha anayejaza kontena moja kwa magunia 320 ya kahawa, kila gunia kilo 60, huwa ameikabidhi bahari tani 19.2 za mali. Akiona maneno "hatari zote" kwenye hati ya bima, hudhani yuko salama. Sivyo.

Sheria ya Bima ya Bahari ya Uingereza ya mwaka 1906, iliyo msingi wa masharti mengi ya bima ya shehena duniani, inataja katika kifungu cha 55 hasara zisizolipwa: zinazotokana na hila ya mwenye mali, kuchelewa kwa safari, uchakavu na uvujaji wa kawaida, panya na wadudu, na kasoro ya asili ya bidhaa yenyewe. Isipokuwa hila, mengine yaweza kufidiwa endapo hati itasema hivyo.

Kasoro ya asili ndiyo huwaumiza wengi. Mwaka 1990, katika kesi ya Noten dhidi ya Harding, Mahakama ya Rufani mjini London ilikataa dai la glavu za ngozi zilizosafirishwa kutoka Calcutta kwenda Rotterdam. Maji yaliyodondoka kutoka dari ya kontena yalikuwa yametoka katika glavu zenyewe.

Kahawa ya miteremko ya Mlima Meru iko katika hatari hiyo hiyo. Ikifungwa kabla ya kukauka vizuri, hutoa jasho meli inapotoka joto la Dar es Salaam kuingia baridi ya Ulaya.

Kuchelewa nako si jambo dogo. Machi 2021 meli ya Ever Given iliziba Mfereji wa Suez kwa siku sita. Mwishoni mwa 2023, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalizifanya meli nyingi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Bei ikishuka mzigo ukiwa njiani, bima hailipi. Aidha, kinga ya vita hununuliwa peke yake.

Anayeuza kwa FOB naye asijione yuko kando: mnunuzi aliyenyimwa fidia humgeukia muuzaji. Kwa hiyo pimeni unyevu kabla ya kufunga magunia, tunzeni cheti cha vipimo, na someni ukurasa wa mambo yasiyolipwa kabla ya kulipa ada.