Barua za Vilindini na Msiba Usio na Kaburi

Riwaya za ulimwengu wa kubuni wazazi wengi huzitilia shaka kwa kuona majalada yake tu. Hii ya Sylvie Cathrall wa Marekani, iitwayo A Letter to the Luminous Deep, iliyochapishwa mwaka 2024, haina vita vya kutisha. Imeandikwa kwa barua, na kiini chake ni huzuni ya waliobaki.

Ulimwengu wake karibu wote ni bahari. Binti aitwaye E. Cidnosin anaishi katika nyumba iliyo chini ya maji, ambayo mama yake ndiye aliyeisanifu. Ana maradhi ya wasiwasi, jamaa ya yale tunayoyaona kwa mtu anayerudia udhu mara saba asiridhike, na kukutana na watu kwake ni mzigo. Siku moja anaona kiumbe cha ajabu dirishani, akamwandikia mtaalamu Henerey Clel kumuuliza. Kwa swali hilo moja urafiki ukaota, kisha mapenzi. (Ni mapenzi ya haya na adabu, lakini mama mwenye binti mdogo na ajue kwamba yamo.)

Kisha tetemeko la bahari likaivunja nyumba ile, na wawili hao wakatoweka.

Mwaka mmoja baadaye, Sophy, dada yake E., na Vyerin, nduguye Henerey, wanaandikiana. Kila mmoja amebaki na sehemu ya karatasi za nduguye. Wanapelekeana, wanazipanga, na humo Sophy anakutana na E. ambaye hakupata kumjua vyema: mcheshi, tena jasiri akishika kalamu.

Sisi watu wa pwani msiba huu si mgeni kwetu. Wako waliotoka na jahazi au mashua ya uvuvi wasirudi. Fiqhi imemweleza mafqudi kwa urefu: mkewe angoje muda gani, mirathi yake igawanywe lini. Lakini dada yake, asiye na jeneza la kulilia wala kaburi la kuzuru, ambaye mlango ukibishwa moyo humruka, tunampa siku tatu za taazia, na mikeka ikikunjwa twadhani amepoa. Wengine hata jina la aliyepotea hawalitaji mbele yake, wakiona ndiyo huruma. Sophy na Vyerin wanalitaja katika kila barua, na kucheka pia wanacheka.

Kasoro kitabu kinazo. Barua za wasomi zina mbwembwe nyingi, mwanzo unakwenda taratibu mno, na Kiingereza chake ni cha kizamani, kitamchosha mtoto wa shule ya msingi. Kwa msichana wa sekondari kinafaa, hasa mama akikisoma pamoja naye.

Fumbo la waliotoweka halimaliziki humu. Kitabu cha pili, A Letter from the Lonesome Shore, kilitoka mwaka 2025, na asiyependa kungoja ni afadhali avitafute vyote viwili kwa pamoja.