Ishara Zinazopotea Mlangoni: Kinga ya Kujiua Mahabusu na Mawasiliano ya Watumishi

Tuchukue mfano, ndugu msomaji, wa kijana mmoja wa tarafa ya Ndago, wilayani Iramba, aliyekamatwa usiku kwa tuhuma ya kumjeruhi nduguye katika ugomvi wa shamba. Wakati anapochukuliwa, mama yake anamwambia askari kwamba mwaka uliopita mwanawe huyu alijaribu kujiua. Askari anasikia, na pengine anasikitika, kisha anamfikisha kituoni na kumkabidhi mwenziwe wa zamu. Asubuhi kijana anapelekwa mahakamani Kiomboi; wadhamini hawapatikani; jioni anaingia gerezani akifuatana na hati yenye jina lake, umri wake na kosa analoshitakiwa. Kwa muda wa siku moja amepita katika mikono ya watu wanne au watano. Maneno ya mama yake yamebaki kwa yule wa kwanza.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini mwendo wake ndio mwendo wa kawaida, si Singida tu bali popote penye polisi, mahakama na gereza. Nia ya makala hii ni kueleza jambo moja ambalo watafiti wa vifo vya mahabusu wamelikuta mara kwa mara: aghalabu ishara ya hatari ilionwa na mtu fulani, ila haikumfikia yule aliyekuwa na wajibu wa kuchukua hatua. Lindsay Hayes wa Marekani, aliyeanza kuchunguza vifo vya namna hii nchini mwake tangu mwanzo wa miaka ya 1980, anataja mahali patatu ambapo habari hukatika: baina ya askari anayekamata au kusafirisha na wale wanaopokea, baina ya watumishi wa gereza wenyewe, wakiwamo waganga, na baina ya mtumishi na mfungwa mwenyewe.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2000 uliotolewa upya mwaka 2007, linaeleza kwamba hatari haienei sawasawa katika muda wote wa kifungo. Saa na siku za kwanza ni kali, kwa kuwa ndipo aibu, hofu na kutengwa na jamaa vinapomwangukia mtu kwa pamoja. Hatari huzidi tena karibu na siku ya hukumu, na inapofika habari mbaya kutoka nyumbani: ng'ombe wameuzwa, mke amerudi kwao, mtoto amefariki. Habari ya namna hii kwa kawaida huletwa na mgeni siku ya kutembelea wafungwa. Askari aliyesimamia mazungumzo huona machozi. Saa chache baadaye zamu yake inakwisha.

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Zamu hukabidhiana hesabu: waliomo ni wangapi, funguo ziko wapi, hali ni shwari. Hesabu ni ya lazima, wala hakuna gereza linaloweza kuendeshwa bila hesabu. Lakini mtu aliyeacha kula, aliyegawa nguo zake, au aliyenyamaza ghafla baada ya wiki nzima ya kulia, bado huhesabiwa mmoja kama wenzake. Nyapara wa selo huenda anayajua haya yote, lakini haulizwi. Zaidi ya hayo, askari wa cheo cha chini husita kumsumbua mkubwa kwa jambo ambalo laweza kuonekana la kipuuzi. Na mkoani Singida, ambako husikika Kinyaturu, Kinyiramba, Kigogo, Kisukuma na lugha nyingine, mzee asiyekijua Kiswahili vizuri atasema tu kwamba amechoka; naye anayepokea atadhani ni uchovu wa safari.

Mtu asidhani kwamba dawa yake ni kuongeza vyombo vya kupelekea habari. Mwezi Julai 2019, katika gereza moja la serikali kuu ya Marekani jijini New York, mahabusu mashuhuri Jeffrey Epstein alikutwa na jeraha, akawekwa chini ya uangalizi wa waganga. Tarehe 30 Julai idara ya saikolojia iliwaandikia zaidi ya watumishi 70 kwamba lazima akae na mwenzake selo. Tarehe 9 Agosti mwenzake huyo alihamishwa, wala hakuwekwa mwingine. Usiku huo askari hawakufanya mizunguko ya ukaguzi iliyotakiwa, ilhali katika karatasi waliandika kwamba wamekagua. Alfajiri ya tarehe 10 mahabusu huyo alikutwa amefariki. Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Sheria ya nchi hiyo aliyaeleza haya katika ripoti yake ya mwaka 2023. Ujumbe uliwafikia watu 70 na zaidi, na kila mmoja aliweza kudhani kwamba mwingine ndiye atakayeutekeleza.

Kwetu kuna kizuizi kingine, nacho ni cha sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Tunamtaka mahabusu amwambie askari siri ambayo yenyewe ni shitaka! Sishangai anaponyamaza. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha sheria yao, kilichokuwa na maana hiyo hiyo, kinapingana na Katiba.

Ni hatua zipi basi zinazofaa? Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka kila anayepokelewa gerezani aonwe na mganga mapema iwezekanavyo, na mganga huyo atafute dalili za kujidhuru (kanuni ya 30). Tena jalada la matibabu limfuate mfungwa kila anapohamishiwa (kanuni ya 26). Uingereza ina jalada la rangi ya machungwa kwa kila mfungwa aliye hatarini. Huenda naye kila aendako, na kila zamu huandika humo. Swali lenyewe yafaa liulizwe waziwazi: je, umewahi kufikiria kujiua? Wengi huogopa kwamba kuuliza kutampandikizia mtu wazo. Wataalamu wanakubaliana kwamba hofu hiyo haina msingi. Kumfungia peke yake kwa kisingizio cha usalama ni kosa, kwani upweke huzidisha hatari. Katika gereza la Swansea mwaka 1991 walianza kuwafunza wafungwa wenyewe kuwasikiliza wenzao, mpango ambao baadaye ulienea magereza mengi ya Uingereza. Hata hivyo mfungwa msikilizaji hachukui nafasi ya askari wala ya mganga.

Wenye maradhi mazito ya akili wana Hospitali ya Mirembe na Taasisi ya Isanga mjini Dodoma, kilomita 240 hivi kutoka Singida. Safari hiyo inawezekana, mradi pawe na mtu wa kuiomba, naye awe ameambiwa.

Maandishi haya yana kazi hata baada ya kifo. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980 inahusu pia wanaofia kizuizini. Juni 2025 polisi wa Nairobi walidai kwamba Albert Ojwang alijiumiza mwenyewe katika selo. Uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha ambayo mtu hawezi kujitia, na Inspekta Jenerali akaomba radhi. Pasipo kumbukumbu ya kila saa, aliyezembea, aliyetesa na aliyetimiza wajibu wake wote hutoa maelezo yanayofanana.

Kwa yule kijana wa Ndago, ulihitajika mstari mmoja tu katika karatasi iliyofuatana naye: jamaa zake wamesema nini, na nani amesomewa maneno hayo na kutia sahihi. Mama yake atakapofika Kiomboi kumtazama, ataulizwa jina lake na alicholeta kikapuni. Yafaa aulizwe pia habari za mwanawe, na jibu lake liandikwe.