Mbwa Mpole na Maadui Wake Wachache

Kuna mbwa ambaye nyumbani hana neno na mtu. Watoto wanamvuta masikio, kuku wanapita mbele ya pua yake, na mgeni akibisha hodi anapokewa kwa mkia. Kisha mbwa huyohuyo akitolewa barabarani anamwona dume fulani la mtaa wa pili. Ghafla manyoya ya mgongo yanasimama, meno yanatoka, na aliyeshika kamba anaanza kuburutwa. Wenye mbwa wa namna hii huwa na majibu mawili ya haraka: kwamba mbwa amebadilika tabia, au kwamba anataka kuwa bwana mkubwa mbele ya wenzake. Majibu yote mawili yanaruka jambo lililo wazi kabisa, kwamba mbwa huyu hashambulii kila mbwa. Anampita jike la jirani bila habari, anacheza na mtoto wa mbwa wa dukani, halafu anamrukia mmoja. Uchaguzi huo ndio ushahidi mkuu tulio nao. Kama tabia yake yote ingekuwa imeharibika, ukali wake ungewafikia wote. Anapowachagua wachache, maana yake hao wanagusa kitu alichojifunza au kitu kinachomuuma, na mara nyingi kitu hicho ni hofu.

Hofu ya mbwa hujengwa kwa njia ambayo sayansi imeifahamu tangu enzi za Mrusi Ivan Pavlov. Kitu ambacho hapo awali hakikuwa na maana yoyote kikitangulia maumivu mara moja au mbili, mwili huanza kukijibu chenyewe kana kwamba ndicho kinachoumiza. Mbwa aliyeng'atwa akiwa na miezi sita na dume kubwa jeusi lenye masikio yaliyosimama habaki na kumbukumbu ya dume lile peke yake. Anabaki na rangi, kimo na umbo la masikio, na kila mbwa atakayebeba alama hizo atalipa deni asilolikopa. Ndiyo sababu mwenye mbwa huapa kwamba wale wawili hawajawahi hata kukutana, na kweli hawajawahi.

Lakini si lazima awe amewahi kung'atwa. Mara nyingi fundi wa uadui ni kamba yenyewe. Mwenye mbwa anamwona mbwa mwingine kwa mbali, anaingiwa na wasiwasi, anaivuta kamba, mkanda unamkaba mbwa shingoni, na kemeo linafuata. Baada ya siku kadhaa mbwa amejifunza somo moja tu: mbwa mwingine akitokea, koo langu linabanwa. Mwaka 1962 huko Marekani, Roger Ulrich na Nathan Azrin walionyesha kwamba panya wawili wanaokaa pamoja kwa amani, wakipigwa shoti ya umeme miguuni, hugeukiana na kupigana, ingawa hakuna aliyemkosea mwenzake. Maumivu yanatafuta wa kubebeshwa lawama, na aliye karibu ndiye anayepatikana.

Mtu atauliza: mwenye hofu si hukimbia? Mbona huyu ndiye anayeanza? Pingamizi hili lina uzito, na jibu lake liko kwenye kamba hiyohiyo, au kwenye ukuta na geti. Mbwa mwenye nafasi hujitenga kweli. Hugeuza kichwa pembeni, hulamba midomo bila chakula, hunusa ardhi isiyo na kitu, kisha huzunguka mbali. Aliyefungwa hana njia hiyo, kwa hiyo anajaribu iliyobaki, yaani kumfanya mwenzake aondoke. Na hapo anafaulu. Anabweka, mwenye mbwa yule mwingine anamvuta wake na kuvuka barabara. Anabweka getini, mbwa mpita njia anapita, kwa kuwa alikuwa anapita tu, lakini wa ndani anaona ni kazi yake. Kila ushindi wa namna hiyo unamfundisha kuanza mapema zaidi safari ijayo.

Kuna pia suala la malezi, na hapa ufugaji wetu wa Afrika Mashariki unahusika moja kwa moja. John Paul Scott na John Fuller, waliofanya utafiti wa miaka mingi huko Bar Harbor, Maine, na kuuchapisha mwaka 1965, walionyesha kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 12 ya maisha yake mtoto wa mbwa huwa wazi kupokea viumbe vilivyomzunguka kama sehemu ya dunia yake. Asichokutana nacho katika wiki hizo hukitilia shaka baadaye. Sasa fikiria mbwa wa nyumba nyingi za mijini kwetu: anachukuliwa kwa mama yake mapema, anawekwa kwenye banda mchana kutwa, anafunguliwa usiku alinde. Anakua akiwafahamu watu wa nyumba vizuri sana na mbwa wenzake kidogo sana. Upole kwa watu na upole kwa mbwa ni mafunzo mawili tofauti, na huyu amepata moja. Na kwa kuwa mbwa hukomaa kijamii kati ya mwaka wa kwanza na wa tatu, upungufu huo unaweza kufichwa na utoto, kisha ukajitokeza wakati wenyewe wamekwisha kujiaminisha kwamba wana mbwa asiye na matatizo.

Mwili wa mbwa wa pili nao unachangia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada, walitumia mbwa wa bandia mwenye mkia wa kubadilishwa, na mwaka 2008 wakaeleza kwamba mbwa wakubwa walimsogelea kwa urahisi zaidi aliyetikisa mkia mrefu kuliko aliyeukaza, ila mkia ulipokuwa mfupi tofauti hiyo ilipotea. Mbwa aliyekatwa mkia, au mwenye uso uliobonyea na pumzi za kukoroma, ni mgumu kusomeka kwa wenzake. Mbwa mwenye wasiwasi asiyeweza kumsoma mwenzake hamsubiri ajieleze.

Hoja ya ubwana ndiyo inayong'ang'aniwa kuliko zote, na ndiyo inayowaumiza mbwa wengi. Ilitokana kwa kiasi kikubwa na uchunguzi wa Rudolf Schenkel, uliochapishwa mwaka 1947, juu ya mbwa mwitu waliofungiwa pamoja katika bustani ya wanyama ya Basel. David Mech, ambaye kitabu chake cha 1970 kiliieneza fikra hiyo, aliikosoa mwenyewe mwaka 1999, akieleza kwamba kundi la mbwa mwitu porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Sikatai kwamba madume hugombana kwa ajili ya jike lenye joto, wala kwamba mbwa wawili wa nyumba moja huweza kugombea chakula. Ninachokataa ni tiba inayotokana na hoja hiyo, ya kumpiga mbwa au kumlaza chali kwa nguvu ili ajue nani mkubwa. Uchunguzi wa mwaka 2009 miongoni mwa wenye mbwa waliofika kliniki ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania uliona kwamba waliowapiga au kuwapiga mateke mbwa wao, asilimia 43 walijibiwa kwa ukali. Hofu imeongezwa juu ya hofu.

Njia inayofaa ni ya polepole. Tafuta umbali ambao mbwa wako anamwona adui yake na bado anaweza kula. Hapo kila mbwa yule anapotokea, kipande cha nyama kinafuata. Akiondoka, nyama inakoma. Wapo watakaosema huko ni kuupa ukali zawadi. Chakula hapa kinabadilisha kile ambacho kuonekana kwa mbwa yule kunaashiria, na mbwa aliyepungukiwa hofu hana sababu ya kubweka. Umbali upunguzwe kwa hatua ndogo, na mkanda wa shingoni ubadilishwe kwa wa kifuani.

Kabla ya hayo yote, mpeleke kwa daktari wa mifugo, hasa kama ukali umeanza ghafla. Mapitio ya Daniel Mills na wenzake ya mwaka 2020 yalikadiria kwamba angalau theluthi ya mbwa wanaopelekwa kwa wataalamu wa tabia wana maumivu ya aina fulani. Mwombe daktari aguse nyonga, aangalie meno na masikio, kisha mwonyeshe kadi ya chanjo. Mbwa mwenye kichaa kwa kawaida hachagui wa kumuuma, lakini usilitegemee hilo: mkali wa ghafla asiye na chanjo atengwe na daktari aitwe, na aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.