Mfumo unapogoma: namna fundi anavyosoma logi za kontena kwenye nodi yenyewe

Mkulima wa pamba kutoka Itilima anafika AMCOS na karani anamwambia "mfumo haupatikani". Mgonjwa kwenye dirisha la mapokezi mjini Bariadi anaambiwa vivyo hivyo, na mfanyabiashara aliyefuata namba ya malipo ya leseni pia. Kauli hiyo inamrudisha mtu nyumbani bila kumweleza lolote. Hapa tunaeleza mahali jibu lenyewe linapoandikwa na namna fundi wa mifumo anavyolisoma. Tunaeleza pia kwa nini mara nyingi jibu hilo hufutwa na mtu yuleyule aliyekuja kurekebisha.

Tuanze na logi. Programu yoyote ya seva ikiwa kazini huandika yanayotokea: saa fulani ombi limepokelewa, saa fulani hifadhidata haikujibu. Ni kama daftari la karani wa mzani wakati wa msimu. Hatoi maoni, anaandika kilo na saa, na ugomvi ukizuka wote hurudi kwenye daftari lake.

Siku hizi mifumo mingi haikai kama programu moja kubwa. Hugawanywa vipande, na kila kipande hufungwa pamoja na mahitaji yake ndani ya kontena. Jina limetoka kwenye yale makasha ya bandarini, ila hapa tunazungumzia programu tu. Kompyuta kadhaa zinazobeba makontena kwa pamoja huitwa klasta, na kila kompyuta ni nodi. Anayeamua kontena lipi likae wapi, na lipi lianzishwe upya likianguka, ni programu kama Kubernetes, iliyotangazwa na Google mwaka 2014. Jina hilo ni la Kigiriki, maana yake mshika usukani. Kubernetes huweka kontena moja au zaidi ndani ya kifungu kiitwacho podi.

Kwa kawaida fundi husoma logi akiwa mbali, kwenye kompyuta yake, kwa amri hii:

kubectl logs jina-la-podi

Amri hiyo haiendi moja kwa moja kwenye daftari. Inapita kwanza kwa msimamizi mkuu wa klasta, naye anamwuliza wakala aitwaye kubelet aliyeko kwenye nodi, na kubelet ndiye anayefungua faili. Njia ikikatika popote hapo katikati, fundi anaona kimya na anadhani hakuna kilichoandikwa, kumbe faili lipo salama kwenye diski ya nodi. Ndiyo sababu fundi anahitaji kujua kuingia kwenye nodi yenyewe, kwa ssh au kwa kukaa mbele yake, na kufanya kazi kwa mstari wa amri.

Akishaingia, aanze na hii:

sudo crictl ps -a

Orodha inayotoka inaonyesha makontena yaliyo hai na yaliyokufa. Herufi "a" mwishoni ndiyo muhimu, kwa sababu bila hiyo utaonyeshwa yaliyo hai tu, na unayemtafuta ni marehemu. Chukua namba ya kontena husika, kisha:

sudo crictl logs --tail 100 namba-ya-kontena

Utapata mistari mia moja ya mwisho. Ukiweka -f badala ya --tail 100, mistari mipya itaendelea kutiririka kadiri inavyoandikwa.

Waliojifunza zamani hujaribu docker ps, wanaona orodha tupu na kuingiwa na hofu. Mwaka 2022, kwenye toleo la 1.24, Kubernetes iliondoa kiungo kilichokuwa kikiiwezesha kutumia Docker moja kwa moja. Kwenye nodi nyingi sasa makontena yanaendeshwa na containerd, na crictl ndicho chombo cha kuyatazama. Tunasema kuyatazama kwa makusudi. crictl inaweza pia kusimamisha na kufuta kontena, lakini ukifanya hivyo kubelet ataliona limepotea na kuanzisha jingine, nawe utabaki umechanganyikiwa zaidi ya ulivyokuja.

Hata crictl ikikataa kujibu, faili lenyewe linasomeka. Liko chini ya /var/log/pods, ndani ya folda yenye jina la podi, kisha folda ya kontena. Humo utakuta 0.log, na kontena likianzishwa upya utaona 1.log, kisha 2.log. Namba hiyo ni idadi ya mara lilizoanzishwa upya, kwa hiyo jina la faili peke yake tayari ni habari. Mstari mmoja unaweza kuwa hivi (mfano huu tumeutunga):

2025-06-12T07:04:31.118204517Z stderr F hifadhidata haijajibu, muda umekwisha

Mwanzo ni tarehe na saa. Neno stderr linaonyesha mkondo uliotumika, na si lazima liwe kosa, maana programu nyingi huandika hata salamu zao huko. F maana yake mstari umekamilika, na P ni kipande cha mstari mrefu. Kisha ujumbe wenyewe. Kwa mstari huu tu tunajua ombi lilifika kwenye mfumo, na aliyekaa kimya ni hifadhidata. Mtandao wa simu wa Bariadi hauna hatia, na karani anayeshinda akipigia kampuni ya simu anapoteza siku.

Saa nayo ina mtego wake kwetu sisi Waswahili. Karani akisema tatizo lilianza saa nne asubuhi, fundi asitafute 04:00. Saa nne asubuhi ni 10:00. Herufi Z mwishoni mwa saa inamaanisha nodi inafuata saa za dunia, zilizo nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo atafute 07:00. Akiona +03:00 badala ya Z, hizo tayari ni saa za Tanzania na atafute 10:00. Kwa maoni yetu hesabu hii ndogo hupoteza muda mwingi kuliko amri zote tulizotaja.

Wakati mwingine logi inakatika ghafla bila neno la kosa. Hapo tumia sudo crictl inspect na namba ya kontena, utazame namba ya kutokea. Ikiwa 137, kontena liliuawa kwa nguvu, na mara nyingi sababu ni kumbukumbu ya kompyuta kujaa. Na kama kontena halikuanza kabisa, halina daftari. Soma la kubelet kwa sudo journalctl -u kubelet. Ofisi yenye seva moja ndogo huenda inatumia k3s, Kubernetes nyepesi iliyotolewa mwaka 2019. Huko amri ni sudo k3s crictl ps -a na sudo journalctl -u k3s.

Turudi kwa yule anayefuta ushahidi. Nafasi ya madaftari haya ni ndogo. Kwa mpangilio wa kawaida kila kontena lina mafaili yasiyozidi matano, kila moja likiwa na takriban megabaiti 10, na la zamani hutupwa. Kontena lililokufa huhifadhiwa moja tu, lile la mwisho, ambalo ukiwa mbali utalisoma kwa kuongeza --previous kwenye kubectl logs. Podi ikifutwa, logi zake kwenye nodi zinaondoka nayo. Sasa fikiria siku ya Juni, foleni ya wakulima iko mlangoni na simu zinaita. Fundi anafuta podi ili izaliwe upya, mfumo unarudi, watu wanapiga makofi. Wiki ijayo unagoma tena, na hakuna mstari hata mmoja wa kueleza kilichotokea mara ya kwanza. Kunakili folda nzima kabla ya kugusa chochote huchukua sekunde chache:

sudo cp -r /var/log/pods /root/logi-za-leo

Nakala hiyo isirushwe kwenye kundi la WhatsApp la mafundi kama ilivyo. Logi za hospitali au za malipo zinaweza kubeba majina, namba za simu na namba za NIDA, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekuwa ikitumika tangu Mei 1, 2023. Anayeomba msaada Dodoma au Mwanza atume mistari ya dakika zile za tatizo tu, baada ya kufunika majina na tarakimu za watu.